Programu ya kurekodi kama chombo cha mazoezi ya kinanda

Programu za kurekodi muziki zilipoingia katika kompyuta za kawaida, wengi wetu tulizipokea kama vifaa vya studio, yaani vyombo vya kutengenezea biti, kupanga sauti za waimbaji na kutoa wimbo uliokamilika. Hapa Tanzania mtazamo huo ulikolezwa na FL Studio, programu ya kampuni ya Image-Line ya Ubelgiji iliyoanza mwaka 1997 kwa jina la FruityLoops, ambayo watayarishaji wengi wa Bongo Flava wamejifunzia kazi. Sina neno na matumizi hayo. Ninachotaka kueleza leo ni matumizi mengine, ambayo hayatoi wimbo wa kuuza wala wa kumsikilizisha mtu: kuiacha programu ya kurekodi ikiwa wazi pembeni ya kinanda wakati wote wa mazoezi, ili inase yale ambayo mimi mwenyewe, nikiwa nimeshughulika na vidole, siwezi kuyasikia.

Mimi ni mpiga kinanda wa kwaya ya parokia, na kama ilivyo kwa wapiga kinanda wengi wa nchi hii, nota zangu za mwanzo zilikuwa za solfa, zile d, r, m, f zilizotolewa fotokopi ya fotokopi hadi herufi zikafifia. Kazi yetu ina upande ambao haumo katika karatasi hizo. Wimbo wa matoleo huisha huku nusu ya waumini wakiwa bado kwenye foleni. Kwaya imeshakaa, padre anasubiri, na macho ya mwalimu wa kwaya yanageukia kwenye kinanda. Hapo mpigaji anatakiwa kujaza kimya kwa muziki ambao haukuandikwa, ulio katika ufunguo uleule wa wimbo uliopita (yaani do ileile), usiovuruga utulivu wa ibada, na unaoweza kukomea popote bila kusikika kama umekatwa kwa panga. Huo ndio ubunifu wa papo kwa papo ninaouzungumzia hapa, nao ndio ulionifanya nitafute njia ya kufanyia mazoezi kitu kisicho na nota.

Vifaa vinavyohitajika ni vichache. Vinanda vingi vya kisasa vyenye tundu la USB la kuunganishia kompyuta, kama vile Yamaha P-45 na vingi vya familia ya PSR tunavyoviona makanisani, hutumia waya uleule wa printa, wenye kichwa cha mraba upande mmoja. Kwa kawaida kinachopita katika waya huo si sauti, bali ni taarifa za MIDI, mfumo uliozinduliwa mwaka 1983 baada ya Dave Smith wa Marekani na Ikutaro Kakehashi wa kampuni ya Roland ya Japani kuwashawishi watengenezaji wa vinanda wakubaliane juu ya lugha moja: ni nota ipi imebonyezwa, kwa nguvu kiasi gani kati ya 1 na 127, imeachiwa lini, na pedali, ile ya mguu inayorefusha sauti, iko chini au juu. Kwa upande wa programu ninatumia Reaper, kwa sababu ni nyepesi na haikatai kompyuta iliyozeeka. Mtu hupewa siku 60 za kuijaribu, na leseni ya mtu binafsi ni dola 60. Mwenye kompyuta au simu ya Apple anayo GarageBand bila malipo yoyote. Audacity nayo ni ya bure, lakini hairekodi MIDI; inamfaa zaidi mwenye piano halisi anayerekodi kwa maikrofoni. Kwa kuwa hizi zote zipo, sioni sababu ya mtu kuhangaika na programu iliyovunjwa kufuli, ambayo aghalabu huja na virusi vyake.

Jambo linalowachanganya wengi siku ya kwanza ni kusikia kila nota mara mbili, kwanza kutoka kwenye kinanda na kisha kutoka kwenye kompyuta, ikiwa imechelewa kidogo. Dawa ya vitabuni ni kuizima sauti ya kinanda na kusikiliza ya kompyuta. Mimi hufanya kinyume chake: naizima sauti ya kompyuta, nasikiliza kinanda chenyewe, na programu inabaki bubu ikiandika kila ninachopiga. Kwa njia hiyo suala la ucheleweshaji halipo tena. Anayependelea sauti ya piano iliyomo katika kompyuta atalazimika kuipunguza bafa, ile akiba ndogo ya sauti ambayo kompyuta huikusanya kabla ya kuitoa. Bafa ya sampuli (vipande vidogo mno vya sauti) 256 katika kasi ya 44,100 kwa sekunde huchelewesha sauti kwa takriban milisekunde 6. Ya sampuli 1,024 huichelewesha kwa zaidi ya 23. Sauti angani husafiri kama mita moja kwa kila milisekunde 3, kwa hiyo bafa ya kwanza ni sawa na kukaa mita mbili kutoka kwenye spika, na ya pili ni sawa na kupiga kinanda huku ukikisikiliza kutoka mita nane. Vidole haviwezi kufanya kazi ya maana katika hali hiyo ya pili.

Baada ya kupiga, programu hukuonyesha nota zako kwenye gridi: kwenda juu ni kupanda kwa sauti, kwenda kulia ni kupita kwa muda. Mwonekano huo umerithiwa kutoka kwenye karatasi zenye matundu zilizoendesha piano za kujipiga zenyewe. Kampuni ya Welte ya Freiburg, Ujerumani, ilikuwa ikinasa upigaji wa wapiga piano mashuhuri kwa karatasi za aina hiyo tangu mwanzoni mwa karne ya 20. Kwa mtu aliyelelewa na solfa gridi hii husomeka kwa urahisi kuliko mistari mitano ya nota, na hilo si jambo dogo kwa wapiga kinanda wetu.

Tuchukue skeli, yaani ngazi ya nota, ya D meja, mkono wa kulia, oktavu mbili, metronomu, kile kifaa cha kugonga mapigo, ikiwa kwenye mapigo 80 kwa dakika na nota mbili kwa kila pigo. Mpigaji wa kiwango cha kati ataipiga na kuridhika. Kisha afungue ile sehemu ya chini ya gridi inayoonyesha nguvu ya kila nota kwa vijiti vilivyosimama. Mara nyingi ataona kwamba kijiti cha G kimechomoza kuliko jirani zake, kwa sababu hapo ndipo gumba linapopita chini ya kidole cha tatu na kuangukia nota kwa uzito wa mkono mzima, na kwamba kijiti cha C shapu, kinachopigwa kwa kidole cha nne, kimedidimia. Akitazama nafasi za nota ataona pia kwamba G hiyohiyo imewahi kidogo mbele ya mstari, na A inayoifuata imechelewa. Sikio la mwenye kupiga halikukamata lolote kati ya hayo, kwa sababu lilikuwa likisikia alichokusudia. Hahitaji kuirudia skeli nzima hadi achoke. Achague nota nne tu, E, F shapu, G na A, aziweke kwenye mzunguko, yaani programu irudie sehemu hiyo bila kukoma, azipige polepole huku programu ikiendelea kurekodi kila duru, kisha alinganishe vijiti vya duru za mwanzo na vya duru za mwisho.

Pedali huonekana vilevile, kama mstari wake chini ya nota, na kwa maoni yangu hapa ndipo gridi inapowasaidia zaidi wapiga kinanda wa kanisani. Tumezoea kumbi zenye mwangwi, hivyo mguu hukaa chini muda mrefu na kodi mbili (kodi ni nota kadhaa zinazopigwa pamoja) huchanganyika bila mtu kulalamika. Kwenye gridi hakuna mwangwi wa kujifichia. Pedali ya kuunganisha kodi inatakiwa ipande wakati uleule kodi mpya inaposhuka, kisha ikanyagwe tena mara moja; ikipanda kabla, kunabaki pengo, na ikipanda baadaye, kodi ya zamani inaingia ndani ya mpya. Mstari unaonyesha ni lipi kati ya hayo limetokea, katika kodi ipi.

Sasa, karibu na gridi hiyo kuna amri inayonyoosha nota zote zikae sawasawa kwenye mistari. Katika mazoezi siigusi, na nawasihi wanaonifuata wasiiguse. Sababu ya kwanza ni ya wazi: inafuta ushahidi uliokuwa ukiutafuta. Sababu ya pili ni ya ndani zaidi. Wapiga piano wazuri hawapigi nota zote za kodi kwa wakati mmoja. Nota ya juu inayobeba wimbo hutangulia zile za chini, mara nyingi kwa kiasi cha milisekunde 30 hivi. Werner Goebl, mtafiti wa Vienna, alionyesha mwaka 2001 kwamba sehemu kubwa ya utangulizi huo hutokana na nguvu yenyewe: ufunguo wa kinanda, ule unaobonyezwa kwa kidole, ukibonyezwa kwa nguvu zaidi hufika mapema. Vinanda vya umeme navyo haviko mbali na hilo, kwa kuwa hupima nguvu kwa kuhesabu muda unaopita kati ya swichi mbili zilizo chini ya kila ufunguo, na kidole chenye kasi huzifikia zote mbili mapema. Kwa hiyo mstari usionyooka katika kodi unaweza kuwa dalili kwamba wimbo unaimba juu ya usindikizaji. Ukiunyoosha, umeua kitu kizuri ukidhani unasafisha.

Kuhusu metronomu nitasema kwa ufupi, maana kila mwalimu amekwisha kuisema. Faida ya metronomu ya programu juu ya ile ya kawaida ni kwamba unaweza kuipunguzia maneno. Nyimbo zetu nyingi za kwaya ziko katika 6/8, yaani mapigo madogo sita yanayohisiwa kama makubwa mawili, na chakacha ya pwani iko humohumo. Metronomu inayogonga mara sita katika kila baa, yaani kila fungu la mapigo, hukubeba mgongoni hata usijue kama miguu yako inatembea. Iweke igonge mara moja tu kwa baa, kisha mara moja kwa baa mbili, na katikati ujihesabie mwenyewe. Halafu iweke igonge mara tatu katika baa hiyo ya nota sita huku mkono wako ukiendelea kuhisi mawili. Mvutano huo wa tatu juu ya mbili ndio unaozifanya nyimbo hizi zicheze, na mpigaji asiyeuweza huzipiga kama maandamano ya askari.

Nirudi kwenye ubunifu wa papo kwa papo, ambako programu hizi zimenifaa kuliko mahali pengine popote. Tatizo la kwanza la kurekodi ubunifu ni kwamba mtu akibonyeza kitufe chekundu hubadilika: anakuwa mwangalifu, anapiga anachokijua. Baadhi ya programu zimelitatua hilo kwa kunasa kila kitu kimyakimya na kukuruhusu uombe baadaye kile ulichokwisha kukipiga. FL Studio ina amri ya kumwaga kumbukumbu ya nota za dakika zilizopita ndani ya mradi, na Ableton Live ilipata uwezo wa namna hiyo katika toleo la 10 la mwaka 2018. Mimi hufanya jambo la kijinga zaidi lakini lenye matokeo yaleyale: nabonyeza kurekodi kabla hata sijakaa vizuri, na sizimi mpaka naondoka. Saa nzima ya MIDI ni faili dogo mno. Sauti halisi ya stereo yenye ubora wa CD, kwa kulinganisha, hula takriban megabaiti 10 kwa kila dakika, yaani zaidi ya megabaiti 600 kwa saa. Baada ya muda kitufe chekundu kinapoteza kitisho chake.

Zoezi ninalolirudia mara nyingi ni hili. Narekodi mkono wa kushoto pekee, kodi nne katika ufunguo wa F: F, D maina, B bemoli, C, kila moja baa moja, na kuziweka kwenye mzunguko. Mkono wa kulia nauruhusu nota tatu tu, do, re na mi. Mwanzoni inafurahisha, kisha inachosha, na ni katika kuchoka huko ambapo mkono, ukiwa hauna nota mpya ya kukimbilia, huanza kutafuta mdundo mpya, kimya kirefu zaidi, au nota ileile iliyopigwa kwa nguvu tofauti. Baadaye naongeza so, halafu la, na baada ya hapo nageuza mambo: nauweka wimbo wa mkono wa kulia kwenye mzunguko na kuutafutia kodi nyingine chini yake. Kuna namna nyingine inayohitaji maikrofoni, hata ya spika za masikioni za simu: naimba juu ya mzunguko bila kugusa kinanda, narekodi, kisha najaribu kupiga nilichoimba. Sauti ya binadamu hupumua, na nilichoimba karibu kila mara huwa na vituo vizuri kuliko nilichopiga.

Kumalizia popote ni ustadi unaohitaji zoezi lake peke yake. Namwomba mmoja wa watoto aweke kengele ya simu ilie baada ya muda ambao mimi siujui. Ikilia, ni lazima nifunge ndani ya baa mbili kwa namna inayosikika kama ilikusudiwa, ama kwa so kwenda do, ama kwa ule mwendo wa fa kwenda do tunaouimbia Amina. Kisha nafungua gridi na kutazama kilichotokea tangu kengele ilie: mkono ulitafuta mlango kwa mapigo mangapi, na ni nota ipi iliyoachwa ikining'inia. Watoto, kwa bahati mbaya, wamegundua kwamba muda wa sekunde kumi nao unakubalika.

Kusikiliza ni kazi tofauti na kupiga, na ni vyema vitenganishwe. Sisikilizi siku hiyohiyo, kwa kuwa vidole bado vinakumbuka na kulitetea kila kosa. Siku inayofuata naacha rekodi iende, na kila sikio linapokwama nabonyeza herufi M, ambayo katika Reaper huweka alama mahali ulipo. Siandiki kizuri wala kibaya. Nikimaliza ndipo narudi kwenye alama na kuuliza zinafanana nini. Majibu mengi huja kwa macho kabla ya sikio: kwenye gridi unaona kwamba kila sentensi ya mkono wa kulia ina urefu wa baa mbili, kila moja inaanza kwenye pigo la pili, na karibu zote zinashuka kuelekea do. Hapo unajua zoezi la wiki ni lipi, yaani kuanza sentensi mahali pengine, kuifanya ya baa tatu, kuiachia kwenye re na kuvumilia.

Kujipigia mwenyewe namna hii si jambo la jana. Mwaka 1963 Bill Evans, mpiga piano wa jazi wa Marekani, alirekodi albamu nzima akiwa wapiga piano watatu, kila sehemu ikiwekwa juu ya iliyotangulia kwa kanda ya sumaku, na albamu hiyo ikampatia tuzo ya Grammy. Wapo wakosoaji waliosema jazi ni mazungumzo ya watu na si ya mtu na nafsi yake. Nadhani wana hoja. Mzunguko wa kompyuta haukusikilizi: hausubiri ukichelewa, haushtuki ukifanya jambo jema. Ndiyo sababu sipendi kukaa nao muda mrefu kabla ya kwenda kupiga na waimbaji wenyewe, ambao huvuta mwendo, hushusha ufunguo na kuruka beti bila taarifa.

Yapo mengine ambayo programu haiyaoni kabisa. Haioni kifundo cha mkono kilichokaza wala mabega yaliyopanda. Anayerekodi piano halisi kwa simu ajihadhari pia, kwa sababu simu nyingi hupandisha sauti ndogo na kuishusha kubwa zenyewe, hivyo tofauti ya nguvu uliyoihangaikia inasawazishwa kabla hujaisikia; penye uwezekano wa kuzima usawazishaji huo, auzime. Na kuna mtego wa sauti za bure. Mtu hukaa kufanya mazoezi, akafungua orodha ya piano, ogani na vinanda vya zamani, na jioni ikaisha akiwa amepiga kodi ileile kwa sauti arobaini.

Faida ya mwisho sikuitarajia. Faili la MIDI la dakika chache ni jepesi kiasi kwamba hata mwenye bando la mwisho wa mwezi anaweza kulituma, nami huwa nabadilishana mafaili na mpiga kinanda mwenzangu aliyeko Songea. Namtumia ubunifu wangu wa matoleo. Yeye anaubakiza mkono wa kulia jinsi ulivyo, anaufuta wa kushoto, anaweka wake na kunirudishia. Besi yangu huruka, do, fa, so, kama tulivyofundishwa. Yake hushuka ngazi kwa ngazi, do, ti, la, so, fa, na wimbo uleule, bila nota yake hata moja kubadilishwa, unapata uzito ambao sikuwa nimeuweka mimi. Safari hii nimemtumia mkono wa kushoto peke yake, aweke wa kulia.